Mfuko Mkavu

Wauguzi walimwita Bibi Matone. Miaka kumi na tisa ya kulaza wagonjwa usingizi ilimwachia desturi moja: kila robo saa hupiga goti kando ya meza ya upasuaji, akatazama mfuko wa mkojo, akaandika. Wenzake hukodolea macho mashine ya moyo. "Moyo una maringo," huwaambia. "Figo ikinuna, hainuni kwa kelele."

Asubuhi ile aliyelala mezani alikuwa mdogo wake, fundi saa, utumbo umejisokota. Angempisha mtaalamu mwingine, ila mwingine hakuwapo. Na mdogo wake alikuwa na figo moja tu. Ya pili alikuwa amempa yeye, dada yake, miaka sita iliyopita.

"Dada," alimtania alipoingizwa, "hiyo yangu unayotembea nayo haijambo?"

"Haijambo. Nyamaza, vuta pumzi."

"Basi hii iliyobaki usiiazime."

Kabatini dawa ya maumivu ilikuwa mofini peke yake. Alijua mabaki yake hutolewa na figo. Figo ikilegea, hurundikana damuni, na mgonjwa akasahau kuamka, akasahau hata kupumua. Akapima kidogo, kisha akapunguza tena.

Saa ya kwanza, matone. Saa ya pili, hata tone hakuna.

"Mwongezee maji," mpasuaji alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeshamwongezea."

"Mwongezee tena! Au kwa kuwa ni ndugu yako mikono imekufa ganzi?"

Alipiga goti. Mrija haukujikunja popote. Presha ilikuwa nzuri. Huenda ni kisu na dawa tu vimeuzuia mkojo kwa muda, na figo ni nzima. Akimjaza maji, atamzamisha mapafu. Au huenda figo inakufa. Kwa yote mawili, mfuko ni huohuo mkavu.

"Siongezi," alisema.

Mshono wa mwisho ukafungwa. Akamfunua jicho: mboni imekuwa ndogo kama ncha ya sindano, alama ya mofini iliyozidi. Pumzi sita kwa dakika. Kisha tano.

"Mdogo wangu, amka. Nitukane, basi."

Akapiga goti tena. Mfuko bado mkavu, na hapo ndipo alipohisi kibofu chake mwenyewe kimejaa, kinamuuma. Kule ndani yake figo ya mdogo wake ilikuwa imechapa kazi asubuhi nzima.