Farasi Aliyeogopa Msitu

Jumamosi nilikwenda kupanda mlima katika msitu wa Kibira na kikundi cha kanisa letu la Bujumbura. Kati yetu alikuwemo mama mmoja mjane wa mtaa wa Mutanga Sud, mwenye goti bovu. Watoto wake walimkataza kupanda mlima kwa miguu, kwa hiyo akakodi farasi.

Tulipofika ukingoni mwa msitu, farasi akagoma. Mwenye farasi akavuta kamba, akapiga mluzi, akakemea. Farasi akatazama miti, akarudi nyuma.

"Anaogopa, maman," mwenye farasi akasema, huku amevua kofia. "Miti mingi hivi hajazoea."

"Sasa mi nifanye nini?"

"Shuka kidogo, umubembeleze. Mi hanisikiye tena."

Mama akashuka, akashika kamba, akasema kwa sauti ya kumpeleka mtoto chanjo: "Twende, papa. Apana kutazama uko. Nitazame mi."

Farasi akamfuata. Kila mara mama alipojaribu kumpanda, farasi alianza kutetemeka, na mama akashuka tena. Hivyo wakafika kileleni, mama mbele, farasi nyuma amemwegemezea pua begani. Matangazo ya matembezi ya farasi hayasemi nani atamtembeza mwenzake.

Juu kule mama alicheka mpaka akaketi kwenye majani. Mwenye farasi akamsogelea kwa heshima.

"Maman, Jumamosi ingine unarudi? Niko na mungine, ule anaogopa mvua."

Mama akafuta machozi ya kicheko.

"Anaogopa sana?" akauliza.