Nukta Kumi na Nane

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi likizo kwetu Kyerwa, mwanafunzi wa hisabati, kichwa kimenivimba. Nilikuwa nimebuni kanuni ya kueleza jinsi kundi linavyotembea: kila mmoja anaangalia majirani zake wa karibu na kuelekea wanakoelekea wao. Basi. Kiongozi hahitajiki.

Baba alikuwa na ng'ombe kumi na wanane, na ndio walionisomesha. Mbele yao daima alitangulia jike mzee mwekundu mwenye kengele shingoni. Wiki ile baba alilala na malaria, nikachunga mimi. Aliniambia kitu kimoja tu.

"Ile kengele usiiguse, mwanangu."

Niliivua. Nilitaka kuthibitisha kwamba yule jike mzee hamwongozi yeyote, na kwamba baba na wenzake wamedanganyika miaka yote na mlio wa chuma. Siku mbili kilimani mambo yalikwenda vilevile nilivyoandika. Nilikaa juu ya kichuguu na daftari, nikichora nukta kumi na nane, nikicheka peke yangu.

Siku ya tatu nyasi za kilimani zilikuwa zimekwisha, nikawavusha bonde la mafunjo. Njia yenye ardhi ngumu mle ni moja tu, kando yake ni tope lisilo na mwisho. Ndani ya mafunjo ng'ombe haoni zaidi ya mkia ulio mbele yake. Alichokuwa nacho cha kufuata ni mlio wa kengele, na kengele ilikuwa mfukoni mwangu. Jike mzee alishika njia yake. Nyuma, mtamba mmoja wa madoa akakata kushoto. Waliokuwa karibu naye wakageuka, na waliokuwa karibu na hao wakageuka pia, sawasawa na kanuni yangu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Sita walizama nikiwaangalia.

Chuoni kazi yangu ilisifiwa sana. Naichukia sifa ile hadi leo. Likizo iliyofuata nilimpelekea baba karatasi zenyewe, mjinga mimi, nikidhani zitamfariji.

Alizikunjua gotini, akapitisha kidole juu ya zile nukta kumi na nane.

"Yule mtamba wa madoa," akasema, "aliyezaliwa siku uliyopanda basi Omurushaka kwenda chuo. Ni ipi hapa?"

Nilitafuta. Nilikuwa nimezichora zote sawa.