Mbuzi wa Cheo cha Hedwiga

Miaka ile watalii walipoanza kumiminika Arusha, na kila mwenye gari bovu akafungua kampuni ya safari, karakana ya Dinesh pale Unga Limited ilishona mahema kutwa nzima. Hedwiga, Mchaga wa Rombo mwenye ulimi wake, alikuwa fundi humo tangu kukiwa na cherehani mbili tu. Msimamizi wa zamani alipostaafu, Dinesh alimkabidhi yeye funguo.

"Mama Nice, kuanzia leo mafundi wote wako chini yako."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Mwisho wa mwezi, loh! Mshahara ni ule ule. Eliya, mkata turubai aliyefundishwa kazi na Hedwiga mwenyewe, na sasa yuko chini yake, alimzidi kwa karibu nusu. Hedwiga akaingia ofisini.

"Bosi, cheo nimekiona. Mshahara wake uko wapi?"

"Taratibu, mama. Eliya ana familia."

"Na mimi Nice na wadogo zake nimewaokota sokoni Kwa Mrombo?"

Dinesh akacheka, akasema wataangalia mwakani. Hedwiga akatoka amefura. Hakuomba huruma ya mtu. Alitaka mshahara wa kazi anayoifanya, basi.

Huko nje mafundi nao wakawa wanamdai mbuzi. Kwani Arusha nani alipanda cheo asichinje? Hedwiga akasimama katikati ya cherehani, mikono kiunoni.

"Jamani, mbuzi huchinjwa na mwenye mshahara mkubwa. Humu ndani ni Eliya. Mdaini yeye!"

Wee! Kazi ikasimama. Eliya akataka kukana, akashindwa. Tangu siku hiyo hakupumua. Akiingia asubuhi, "Shikamoo msimamizi, mbuzi lini?" Akienda kunywa chai, mama ntilie anamuuliza kama asage pilipili kabisa. Mkewe alipewa hongera kanisani, akarudi nyumbani kuuliza huo mshahara mnono unafichwa wapi.

Hapo Eliya akaishiwa. Akavamia ofisi, Hedwiga nyuma yake, mafundi wote mlangoni.

"Bosi, mpe huyu mama haki yake! Anizidi. Anizidi leo leo! Kazi kanifundisha yeye, nikikosea anarekebisha yeye, mimi nadaiwa mbuzi wa nini?"

Dinesh akamtazama Hedwiga.

"Mwakani ni mbali, bosi," Hedwiga akasema. Hakutabasamu hata kidogo.

Cherehani zote kimya, na mahema ya wageni yanatakiwa Ijumaa. Dinesh akainua mikono. "Haya, haya! Mshahara wa msimamizi, kuanzia mwezi huu. Rudini kazini!"

Hedwiga akapiga kigelegele humo humo ofisini, furaha imemjaa hadi machozi yakamtoka.

Mshahara ulipotoka, akanunua beberu wa haja. Eliya alikula kuliko wote. Mtu akamchokoza, eti anajisikiaje kuongozwa na mwanamke, tena anayemzidi mshahara. Akajibu mdomo umejaa nyama:

"Raha tupu, ndugu yangu. Sasa hivi hata mke wangu hanidai kitu."