Mwandishi Aitwaye Itaendelea

Juzi, katika duka la vitabu mjini Kisii, niliona rafu nzima ya vitabu vipya vya katuni, nikahisi uso unawaka.

Nilipokuwa mtoto, katuni mpya zilifika kwetu Keroka kila mwezi, zikinukia wino, dukani kwa Mama Zuhura. Nyumbani tulizungumza Kigusii, na Kiswahili ndiyo kwanza nilikuwa nakianza shuleni. Kila kitabu kilimalizikia kwa neno lile lile, peke yake chini ya ukurasa, kama sahihi ya mtu. Alasiri moja nilikwenda na Baba, duka limejaa wateja, malori yakinguruma nje.

"Nataka kitabu kipya cha Itaendelea," nilisema.

"Cha nani?" Mama Zuhura aliuliza.

"Itaendelea. Yule mwandishi."

Watu waliangua kicheko. Baba, ambaye hakupata kusoma, alinishika bega. "Mpe, Mama Zuhura. Huyu mtoto wangu anawajua waandishi wote."

Wakacheka zaidi. Mama Zuhura aliniinamia, akaninong'oneza maana ya neno lile. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipotoka, Baba aliniuliza taratibu, "Kwani walikuwa wanacheka nini?"

Nilimwambia sijui, naye akaniamini tena.