Fundo Moja la Geum-rye

Meno ya mbele ya Geum-rye yana mfereji. Wanawake wa Hansan, huko Korea, wa rika lake wanao wote. Tangu utotoni walipasua kwa meno nyuzi za mmea uitwao mosi, midomo ikichuruzika damu, ili wengine wavae kitambaa chepesi kama bawa la kereng'ende. Mdogo wake, Mal-sun, alikuwa nao pia. Wakicheka pamoja kanisani, ungedhani ni mtu mmoja amesimama mbele ya kioo.

Mal-sun alifariki mlozi ukiwa na maua. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, na Geum-rye hakubishana na hilo. Alichobishia ni moto. Kwao nguo za marehemu huchomwa, roho isije ikabaki ikizitafuta. Kaka yao, Byeong-cheol, kanisani hukaa kiti cha mbele, lakini moto wa wazee hakuuacha. Akaweka pipa uani. Geum-rye akazikumbata blauzi zote za marehemu, akaondoka nazo hadi kwenye makumbusho madogo ya vitambaa, anakofundisha kushona tangu afiwe na mume.

Akazikata. Akaviunga vipande, vyeupe kwa vya kijani cha njegere, mpaka kikatoka kitambaa cha kufungia vitu, kama bibi zao walivyoshona kwa mabaki. Alipokitundika dirishani, jua likapita ndani yake.

Bibi Tak, mkuu wa makumbusho, alihangaika.

"Dada, watu wakijua ni nguo za marehemu, nani atakuja hapa?"

"Kwani humu mna nguo ya nani aliye hai?"

Bibi Tak akazitazama kuta zote nne, kisha akaenda kuchemsha chai.

Jumapili, baada ya ibada, Byeong-cheol akaja na kiberiti mfukoni.

"Kishushe."

"Mikono unayo, kaka. Ngazi ile pale."

"Magoti yangu unayajua."

"Basi Mungu ametumia magoti yako."

Hakucheka. "Geum-rye, unamfunga. Umemshona humo, ataendaje?"

Hapo Geum-rye akapanda mwenyewe, akakishusha, akamketisha kaka yake, akamtandikia mapajani. "Tafuta fundo."

Byeong-cheol alielewa. Mama yao alishona sanda za mtaa mzima, na uzi wa sanda haupigwi fundo, marehemu asije akanaswa njiani. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye mishono. Kola. Mkono wa blauzi ya harusi. Kidole kikazidi kuteleza.

"Petro alipofika kwa Dorkasi," Geum-rye akasema, "wajane walimwonyesha nguo alizoshona marehemu. Hakuwaomba kiberiti."

"Mahubiri nimeshasikia leo."

Kwenye pembe, kidole kikasimama. "Na hili?"

"Hilo langu. Yeye nimemwachia njia. Mimi sijasema naenda popote."

Kaka yake akalishika lile fundo, dogo kama punje ya ufuta, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkono wake mwingine ukatoka mfukoni mtupu.

"Mama angekuchapa."

"Angenichapa. Halafu angekitandika vizuri."

Akamrudishia kitambaa. Geum-rye akapanda ngazi, akakitundika dirishani palepale, ila safari hii juu zaidi, mahali ambapo magoti ya kaka yake yasingemfikisha hata akibadili mawazo.