Filimu ya Mjomba

Nikifungua chupa ya vinegre jikoni, watoto wangu, wanaopiga picha kwa telefone, huwaza saladi. Mimi huwaza labo ya mama kule Mususa, chumba kidogo cheusi alimosafishia filimu za watu kwa dawa iliyonuka kama vinegre.

Siku moja wakati wa vita, askari alileta filimu. Ilitoka kwenye kamera ya mjomba wangu, ambaye askari walikuwa wamemfunga wakidai amepiga picha kambi yao.

"Safisha sasa hivi," alisema. "Mi nabaki humu. Usifunge mulango."

"Shefu, mwangaza ukiingia, filimu inakufa," mama alimjibu polepole. "Inaomba giza kabisa."

Askari alimkazia macho, kisha akanitazama na mimi. "Giza ya nini? Unataka kuficha picha. Mulango ubaki wazi."

Mama hakubishana. Aliikunjua filimu mchana kweupe, akaizamisha katika dawa, akaiosha. Ilitoka nyeusi yote. Askari aliiinua kwenye jua, akaigeuza, akaitafuta kambi yake asiione. Aliitupa mezani, akarudi kambini.

Jioni mjomba aliachiwa, akarudi midomo imevimba, lakini mzima.

"Mama," nikauliza, "ulijua hatakuamini?"

Alikuwa akifunga chupa za dawa. "Mi nilimwambia kweli," akasema. "Si ulisikia?"