Saizi ya Bi Harusi Usiyemwona

Siku yangu ya kwanza kazini niliondolewa kaunta kabla sijauza hata leso moja. Duka lilikuwa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, la vitambaa na nguo za kike, na mwenyewe tulimwita Tajiri, kama tulivyowaita wenye maduka wote waliotoka upande wa Mtwara na mizigo yao wakalowea kwetu. Aliingia mama mmoja, nami nikamkimbilia kwa furaha: "Karibu mama, unataka nini?" Tajiri akanivuta pembeni.

"Wewe binti, nani kakufundisha kuuliza hivyo? Mtu hajakaa, hajapumua, unamwuliza anataka nini kama unamfukuza. Mwamkie. Mpe kiti. Ulizia watu wa kwake. Ukishajua kwake kuna shughuli gani, utajua mwenyewe cha kumshushia."

Kushusha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nguo zilikaa kwenye rafu mpaka darini, na mteja hakuruhusiwa kujipapasia mwenyewe kama siku hizi. Wewe muuzaji unashusha jora, yaani kitambaa kizima kilichoviringwa, unakifungua kwa mkupuo mmoja juu ya meza kikalala chenyewe bila kukunjamana. Nilijifunza hilo mpaka mabega yakauma. Na nisijifanye mnyenyekevu: nilikuja kuwa hodari kuliko wote waliopita pale. Nyinyi mnaouza magauni kwa picha za simu mna bahati zenu, lakini raha ya kufungua jora mbele ya wanawake waliokuja na hamu zao hamuijui.

Sifa yangu hasa ilikuwa begi. Kwetu, kabla ya ndoa, upande wa mume hupeleka begi kwa mke. Ndani mna kanga, viatu, nguo za ndani, manukato, na juu kabisa gauni la kutokea, lile atakalovaa bi harusi siku ya kutolewa nje watu wamwone. Begi hufunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Shangazi wa mume anatoa kitu kimoja kimoja, anakiinua juu, watu wanakitazama mbele na nyuma, kisha bi harusi anavalishwa lile gauni palepale. Likimkaa, vigelegele. Lisipomkaa, maneno yataanzia jikoni na kufika pwani kabla samaki hawajaiva.

Sasa oneni ugumu wake. Anayenunua ni upande wa mume, na mwenye mwili hayupo. Bi harusi haji dukani kupimwa. Ukimwuliza shangazi, "Mwari wenu yukoje?", jibu ni moja pwani nzima: "Kanona, mashallah." Hata kama binti ni mwembamba wa kupita katikati ya fito za ukuta, shangazi atakwambia kanona, maana kusema kakonda ni sawa na kusema kwao hawali, au kijana wetu hakuchagua vizuri. Ni adabu tu, wala hawaoni kwamba wanadanganya. Muuzaji mgeni alikuwa akiwasikiliza, begi linafika na gauni la kuwatosha wawili.

Tajiri alinipa kanuni yake mapema. "Akisema kanona, punguza saizi moja. Akisema kanona na mikono anaonyesha, punguza mbili." Niliifuata, na mabegi yangu yakawa hayana aibu. Wanawake walitoka Palma, walitoka visiwani, wakiniulizia kwa jina, Mama Anchia wa mabegi.

Jina hilo ndilo lililonifikisha Pemba, mji wetu mkubwa wa hukuhuku Msumbiji, si kile kisiwa, kwenye duka kubwa lenye vioo barabarani na sanamu zilizovalishwa nguo. Mkuu wa sehemu ya nguo za kike alikuwa mama wa Kimakua kutoka Nampula, mkali, tukimwita Chefe, kama wakubwa wote wa kazi wanavyoitwa kwa Kireno. Huyo alinifundisha kusoma mwili kwa jicho. "Anza begani," alikuwa akisema. "Gauni linaning'inia begani. Kiuno utakishughulikia baadaye." Tulikaa mlangoni mchana kukiwa hakuna wateja, wapita njia wakipita, naye ananiuliza saizi ya kila mmoja kwa kunong'ona, mpaka tunacheka kama wasichana. Chefe alipoondoka nilishika mimi nafasi yake, na juu yangu akaletwa gerente, meneja, kijana kutoka kusini, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikononi. Wengine walimwona ana maringo. Mimi nilimpenda, kwa sababu alisalimia wafanyakazi kabla ya kuangalia mauzo.

Kisha vita vikaja kwetu kaskazini. Sitaviandika hapa, wenye kuviandika wapo. Nitasema tu kwamba duka la Tajiri liliungua, na wateja wangu wa zamani nikaanza kuwaona Pemba, wakishuka mashuani kwenye ufuko wa Paquitequete na vifurushi kichwani. Nilijua mabegi ya wengi wao, nikijua nani alivaa nini siku yake. Iliniuma sana kuwaona kwa nguo za msaada.

Siku moja akaingia dukani Bi Mwanahawa, mama wa Mocímboa. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaulizia watu wa kwake. Machozi yakamlenga kidogo, kisha akakaza uso. Mpwa wake, mtoto wa kaka yake, alikuwa na mchumba, Zaituna, posa ilipelekwa kabla ya kukimbia. Binti na mama yake walizunguka porini, wakavushwa visiwani, sasa wamefika Pemba, na ndoa ifungwe.

"Mwari yukoje?" nikauliza.

"Kanona, mashallah." Na mikono ikaonyesha.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye saizi mbili chini. Kisha nikausimamisha. "Umemwona lini, Bi Mwanahawa?"

"Kulekule nyumbani. Toka wafike sijaingia kwao. Nitaingiaje mikono mitupu, mimi mwenye begi?"

Nikaingiwa na hofu. Saizi mbili chini ilikuwa hesabu ya wakati wa amani. Na dukani petu nguo za harusi zikishatoka hazibadilishwi. Kama gauni lingekataa mbele ya watu, binti yule aliyekwishapoteza nyumba na kila kitu angesimama katikati ya ukumbi akitazamwa mifupa. Sikutaka litokee hilo kwa mkono wangu.

Nikamwendea gerente. Wafanyakazi hatukuruhusiwa kutoka na nguo ambazo hazijauzwa, na aliyeweka sheria hiyo ni yeye. Nikamweleza habari ya begi tangu mwanzo, hata ya "kanona". Akacheka.

"Kwetu ni hivyohivyo, Mama," akasema. "Kaka yangu alipooa, gauni lilishonwa upya usiku kucha. Chukua unazotaka. Mimi ndiye nitakayejibu."

Niliwakuta Zaituna na mama yake uani kwa ndugu yao aliyewahifadhi, wakimenya mihogo. Zaituna aliinuka kuniamkia, nami nikaomba Mungu uso wangu usiseme kitu. Mabega yalikuwa yametokeza kama kiango cha nguo. Nikampa gauni dogo kuliko yote niliyobeba. Likamkaa vizuri, kila mahali. Mama yake akashusha pumzi.

Zaituna akajitazama, akalivua, akanirudishia.

"Mama Anchia, shangazi kakwambia nimenona, sivyo? Saizi hiyo dukani ipo?"

"Ipo, mwanangu. Lakini hiyo utapotelea ndani."

"Lete hiyo."

"Zaituna!" mama yake akamkemea. "Watakuvalisha mbele za watu. Unataka watucheke?"

"Mama, shangazi ananijua vile, na mimi najijua vile. Huu mwili ni wa njiani tu. Sitaki kununuliwa nguo ya njia."

Miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu akikataa gauni lililomkaa. Nilibishana naye kwa ufundi wangu wote. Nilimwambia kuhusu bega, nikamwambia kuhusu watu. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akaendelea kumenya muhogo. Nikajua nimeshindwa, na cha ajabu, sikukasirika.

Basi nikaleta lile kubwa. Nikalipiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, ndani ya mbavu na mabegani, mstari juu ya mstari, bila kukata kitambaa hata kidogo. Mtu akitaka anafumua mstari mmoja, gauni linapanuka kidogo; anafumua wa pili, linapanuka tena. Nilikishona kile kitu kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kisha nikalipanga begi mwenyewe, gauni juu, na Bi Mwanahawa akalilipia na kulichukua likiwa limefungwa.

Siku ya begi nilikwenda kama mwalikwa. Bi Mwanahawa aliingia na watu wake, na hapo ndipo alipomwona Zaituna. Nilimwona akisita mlangoni. Akaketi, akafungua begi, akainua kanga, akainua viatu, mpaka akafika kwenye gauni. Akalipindua, akaiona mishono yangu ndani, na kitambaa chote kilichokunjwa kikisubiri. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kumnong'oneza mwenziwe.

Bi Mwanahawa akamtazama Zaituna, naye Zaituna hakuinamisha uso.

"Saizi yake," Bi Mwanahawa akasema kwa sauti ya kusikika uani. "Si nilisema? Mwari wetu kanona." Akapiga kigelegele mwenyewe, peke yake, na wanawake wote wakampokea. Nililia pale bila aibu, na sikuwa peke yangu.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mocímboa, nyumba imeezekwa upya. Wasichana wa maduka mapya wanakuja kuniuliza siri ya kazi. Nawafundisha kufungua jora, nawafundisha bega, na kanuni ya Tajiri pia nawapa, kwa maana ni nzuri na imenilisha. Nawaambia tu waulize na la ziada: mwenyewe anataka kuwa yupi.

Juzi Zaituna alinijia nyumbani, nao wamerudi. Nilimsikia kabla sijamwona, akihema kwenye ngazi, anacheka. Akalitoa gauni kwenye mfuko akalitupa mapajani pangu. Ndani hapakuwa na uzi wangu hata mmoja.

"Nimefumua zote, Mama. Linanibana."

Nikamwambia kazi nimeacha. Akasema basi nivae ushungi nimpeleke sokoni, nikamchagulie kubwa zaidi. Nikavaa.